Herufi Zisizo na Kitufe: Chasu Mbele ya Kompyuta

Ndani ya hazina ya maarifa ambayo kwayo kompyuta na simu za ulimwengu mzima hujifunza kuandika tarehe, saa na sarafu kwa desturi ya kila kaumu, hazina iitwayo CLDR na itunzwayo na Jumuiya ya Unicode, umo mstari mmoja ambao Mpare akiuona hawezi kuupita bila ya kusimama kidogo: Kipare (Tadhania). Hapana kosa la mpiga chapa katika mstari huo. Aliyeuandika aliliandika jina la nchi yetu kwa lafudhi ya milimani, akaweka dh mahali ambapo Kiswahili kina z. Na katika hazina hiyo hiyo saa za kabla ya adhuhuri zimeandikwa icheheavo, saa za baada yake ichamthi, na zama za kale zimehesabiwa kuwa ni za kabla ya Yethu. Si fahari ndogo kwa lugha ya milima ya Same na Mwanga kuwamo katika daftari moja na Kichina, Kifaransa na Kiarabu, na wale walioifanya kazi hiyo wanastahili shukrani zetu.

Walakini mstari huo huo, kwa mtu atakayeuangalia kwa makini, waonyesha pia upungufu. Chasu, ndicho Kipare kwa jina la wenyewe, ni lugha ya toni, yaani irabu zake hupanda na kushuka kwa kanuni, na katika kupanda na kushuka huko imo sehemu ya maana ya neno na ya njeo ya kitenzi. Ilhali katika maandishi hayo ya Kipare hapana hata alama moja ya toni. Jirani za Wapare, Wamaasai, ambao huchunga mifugo katika tambarare za Ruvu na pembezoni mwa Mkomazi, chini ya milima hiyo hiyo, nao wamo katika hazina, na majina yao ya miezi yameandikwa kwa herufi ɛ, ɔ, ɨ, ʉ na ŋ, pamoja na vijistari vya toni juu ya irabu. Lugha mbili ambazo wasemaji wake hukutana gulioni na kuuziana mbuzi na tangawizi, moja imeingia katika mashine pamoja na toni zake, na ya pili imeziacha mlangoni.

Muradi wa makala haya ni kueleza sababu ya jambo hilo, na kuonyesha ya kuwa leo hapana tena udhuru wa kuliacha liendelee, kwa kuwa sauti ambayo haiandikiki kwa wepesi huachwa na mwandishi, na sauti iliyoachwa katika maandishi ya kizazi kimoja huwa taabu kubwa kurejeshwa na kizazi kifuatacho.

Mji wa Same umekaa chini, katika ukame, kando ya reli iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Lakini maskani ya asili ya Chasu ni juu, Mbaga na Gonja, Mamba na Suji, Vudee, na Chome iliyo chini ya kilele cha Shengena chenye kimo cha mita 2,462, na upande wa kaskazini Usangi na vitongoji vyake, mahali penye mifereji na ndiva za kukusanyia maji ambazo wazee walizijenga kabla ya serikali yoyote ya kigeni. Wilaya ya Upare iligawanywa mwaka 1979 ikawa Same na Mwanga, na Chasu kimebaki kimoja juu ya mpaka huo, ingawa kusini na kaskazini kila upande una lahaja yake. Huko huko kaskazini, katika Ugweno, yasemwa lugha nyingine iliyo karibu zaidi na za Kichaga, Kigweno, ambacho Derek Nurse na Gérard Philippson walikiandikia makala mwaka 2000. Na hata Wambugu walio leo Usambara, ambao mapokeo yao yanasimulia ya kwamba wahenga wao walipita katika milima ya Upare, wana lugha yao ya Ma'a ambayo sarufi yake imeshabihiana sana na ya Chasu ilhali maneno yake mengi yana asili ya Kikushi; na humo imo sauti ya l ipulizwayo pembeni mwa ulimi bila ya ghuna, ambayo mwanafonetiki huiandika ɬ, na ambayo Maarten Mous, katika kitabu chake cha mwaka 2003, aliamua kuiandika hl.

Basi mtu atakaye kuziandika lugha za safu hii ya milima kama zisikiwavyo hukutana na herufi ambazo hazikuchorwa juu ya kitufe chochote cha kompyuta inunuliwayo dukani. Ichamthi huhitaji θ, Tadhania huhitaji ð, jina la Kighare huko Usangi, katika kinywa cha mwenyeji wake, huhitaji ɣ, na ile sauti ya kwanza ya neno ng'ombe huhitaji ŋ. Mwanafunzi aliyepelekwa kata ya Mhezi, akilisikiliza jina la kata yenyewe katika vinywa vya wazee, atajiuliza kama ile m ina ghuna au ni pumzi tupu ipitayo puani, na sikio lake likimthibitishia kuwa haina ghuna, itampasa kuweka kiduara kidogo chini ya herufi, m̥. Fauka ya hayo yote kuna toni, ambayo hukaa juu ya kila irabu ipandayo. Ukurasa mmoja wa hadithi ya Chasu ulioandikwa kwa uaminifu wa fonetiki waweza kuwa na alama za namna hii kwa mamia.

Wa kwanza kukabiliana na jambo hili kwa kalamu na karatasi walikuwa wamisionari wa Kijerumani. Walutheri wa Leipzig walianza Shigatini mwaka 1900, na Waadventista Wasabato walifika upande wa kusini mwishoni mwa mwaka 1903 wakafungua kituo chao cha kwanza Giti. Miongoni mwa waliofuata alikuwa Ernst Kotz, ambaye mwaka 1909 alichapisha mjini Berlin sarufi ya lugha hii, Grammatik des Chasu, na mwaka 1922 likatoka Agano Jipya kwa Chasu. Wataalamu wa Kijerumani wa zama hizo walikuwa wamelelewa katika alfabeti ya Karl Richard Lepsius, aliyoitangaza mwaka 1855, na ambayo Carl Meinhof aliiendeleza kwa ajili ya lugha za Kibantu. Nayo ilikuwa alfabeti ya herufi za Kirumi zilizopambwa kwa nukta, mistari na mikato, juu na chini, hata herufi moja ikaweza kubeba alama mbili au tatu. Mtaalamu aliyekaa karibu na kiwanda cha chapa cha Berlin, chenye herufi za risasi zilizosubuliwa kwa kazi hiyo, alikuwa na raha. Lakini mwalimu wa shule ya kijijini, mwenye ubao na chaki, na katekista aliyenakili nyimbo kwa mkono, hawakuwa na raha hiyo, na alama zile zilianguka njiani moja baada ya moja.

Ndiyo maana wale walioasisi mjini London, mwaka 1926, taasisi ya kuchunguza lugha na tamaduni za Afrika, chini ya uongozi wa Diedrich Westermann, walitoa mwaka 1927 mwongozo wa tahajia ulioshauri kinyume cha Lepsius: nukta na mikato ziepukwe kila iwezekanapo, na mahali pake ziingizwe herufi mpya zisimamazo zenyewe, kama vile ŋ, ɛ, ɔ, ɣ na ʃ, ambazo nyingi zilitoka katika alfabeti ya fonetiki ya kimataifa, iliyokwisha kutolewa tangu mwaka 1888 na chama kilichoasisiwa Paris miaka miwili kabla yake. Afrika ya Magharibi iliupokea mwongozo ule kwa mikono miwili, na Luganda ina ŋ katika alfabeti yake mpaka leo. Kwetu Tanganyika mambo yalikwenda njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashika tahajia ya herufi za kawaida, ambamo th, dh, gh, ch, sh na ng' zilitosha. Na lugha nyingine zote za nchi, Chasu kikiwamo, zilikuja kuandikwa kwa kufuata mfano wa kaka yao.

Wako wanaolaumu uamuzi huo. Mimi simo miongoni mwao. Tahajia ya barua, ya magazeti na ya vitabu vya shule sharti iwe nyepesi kwa mkono na kwa mashine, na asomaye lugha yake aghalabu huijua toni bila ya kuambiwa. Taksiri yetu si ya kuichagua tahajia nyepesi kwa maandishi ya kila siku, bali ni ya kuifanya tahajia hiyo hiyo kuwa ya kamusi, ya sarufi na ya kumbukumbu za masimulizi ya wazee, mahali ambapo msomaji wa miaka mia ijayo, asiyeijua toni kutoka kwa mama yake, atakuja kutafuta jibu asilipate.

Tusidhani kwamba taabu ya herufi imeletwa na Wazungu na mashine zao. Mombasa, kabla ya karne ya kumi na tisa kwisha, Mwalimu Sikujua alipokuwa akimwandikia Mchungaji W. E. Taylor mashairi ya Muyaka kwa herufi za Kiarabu, ilijulikana wazi kuwa hati ile, kama ilivyorithiwa, haikuwa na mahali pa p, ch, g wala v, na kwamba irabu tano za Kiswahili zilibanwa katika alama tatu. Na baadaye Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui naye aliongeza nukta na alama ili hati iitii lugha. Waswahili walikwisha kujua zamani kwamba hati yaweza kurekebishwa na wenye lugha.

Kisha ikaja taipureta, na mlango ukawa mwembamba zaidi. Mashine ya ofisini ilikuwa na vitufe vipatavyo 44, kila kimoja na herufi mbili, na kila nyundo ya chuma ilikuwa imekwisha kuchongwa kiwandani. Mashine za Kifaransa na za Kijerumani zilikuwa na kitufe cha mkato ambacho kilipiga alama bila ya kusogeza karatasi, kisha herufi ikapigwa chini yake, na hiyo ilikuwa neema. Lakini mashine zilizotujia kwa njia ya Waingereza aghalabu hazikuwa hata na hicho. Ndiyo sababu katika tasnifu nyingi za isimu za miaka ya 1960 na 1970, za vyuo vya pande zote za dunia, utaona ŋ na ɣ zimeandikwa kwa wino wa kalamu katika nafasi zilizoachwa wazi na mpiga chapa, na mara nyingine utaona nafasi imebaki wazi, kwa kuwa mwandishi alichoka kabla ya ukurasa wa mwisho.

Kompyuta za kwanza zilirithi ufinyu ule ule. Utaratibu wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu za herufi, tarakimu na amri, nao ulitosha kwa Kiingereza na, kwa bahati yetu, kwa Kiswahili. Wanafonetiki waliotaka zaidi walibuni hila mbili. Ya kwanza ilikuwa ya uaminifu: kukubaliana hadharani kwamba herufi kubwa ya T itasimama mahali pa θ, D mahali pa ð, N mahali pa ŋ, na G mahali pa ɣ, na huo ndio mfumo wa SAMPA uliotungwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Ya pili ilikuwa ya hatari. Zilitengenezwa fonti ambazo ndani ya mashine zilihifadhi N ya kawaida, lakini machoni pa mtu zilichora ŋ. Na kwa muda wa miaka kumi na zaidi wanaisimu wa Afrika waliandika kamusi nzima kwa fonti hizo, wakafurahi, wakachapa karatasi zao, wakaweka faili. Leo mtu akiifungua faili ya namna hiyo katika kompyuta isiyo na fonti ile ya kale, Tadhania iliyoandikwa kwa ð hugeuka kuwa TaDania, na kila toni huwa ni tarakimu au alama ya dola. Kazi ya miaka imo, lakini imefungwa kwa ufunguo uliopotea, na kuikomboa kwahitaji mtu aijuaye fonti na aijuaye lugha, wawili ambao ni nadra kukutana.

Tiba ya hayo ilikuja na Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, na ambayo kanuni yake ni nyepesi kueleza: kila herufi ya kila hati ya wanadamu ipewe namba yake peke yake, isiyogawiwa herufi nyingine yoyote, na sura yake kwenye kioo iwe shauri la fonti. Namba hizi huandikwa kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambamo tarakimu za 0 mpaka 9 hufuatwa na A mpaka F. Herufi ŋ ni 014B, ð ni 00F0, θ ni 03B8 kwa kuwa imekopwa kwa Wayunani, ɣ ni 0263, ɬ ni 026C, na ile alama ya toni ya juu ikaayo juu ya irabu ni 0301. Ukiandika ŋ mjini Same ikasomwa Muscat au Hamburg, itabaki kuwa ŋ. Na kama mashine ya huko haina fonti yenye sura yake, utaonekana mraba mtupu, lakini namba iliyo ndani itakuwa haikuguswa, na siku fonti itakapowekwa herufi itajitokeza.

Sasa mtu ataziandikaje? Njia ya kwanza, inayofaa kwa mwenye kuhitaji herufi chache, ni ya namba zenyewe. Katika programu ya Word ya Windows, na pia katika LibreOffice ambayo hupatikana bila ya malipo, andika 014B kisha ubonyeze Alt pamoja na X, na namba itageuka kuwa ŋ mbele ya macho yako. Kuna mtego mmoja ambao wanafunzi wengi huuangukia: irabu a na e, na herufi b, c, d na f, katika hesabu hii ni tarakimu, kwa hiyo ukiandika a kisha 0301 papo hapo ili upate toni juu yake, mashine itaisoma a kuwa ni sehemu ya namba na kukuletea kitu usichokitaka. Dawa yake ni kuitangulizia namba U na alama ya kujumlisha, yaani U+0301, ndipo mashine itajua namba inaanzia wapi. Kwa toni ya juu pekee Word ina njia fupi zaidi, nayo ni kubonyeza Ctrl pamoja na ritifaa, kisha irabu, na á itatokea.

Wako wanaofuata njia ya pili, ya kubadili kibodi ya Windows kuwa ile ya Kiingereza cha kimataifa, ambamo ritifaa ikifuatwa na irabu hutoa irabu yenye mkato. Kwa mwandishi wa Kihispania ni rahisi sana. Kwa mwandishi wa Kiswahili au wa Chasu ni balaa, kwa sababu akiandika ng'ombe, mashine humwandikia ngómbe, na asipokuwa mwangalifu ukurasa wote hujaa ng'ombe waliopandishwa toni pasipo haki. Huzuiwa kwa kubonyeza nafasi baada ya ritifaa, lakini mkono uliozoea haukumbuki.

Njia iliyo bora, kwa mtu aliyeazimu kuandika lugha yenye toni kwa wingi, ni programu ya Keyman, itolewayo bure na shirika la SIL, iingiayo katika kompyuta na katika simu za Android pia. Humo mtu huchagua kibodi ya fonetiki, na vidole vyake huendelea kutembea juu ya vitufe vile vile vya kila siku: akiandika n kisha alama ya > hupata ŋ, akiandika s kisha = hupata ʃ, na nyinginezo kwa kanuni za namna hiyo. Baada ya juma moja mkono hauulizi tena. Na Keyman inayo pia karakana ya kutengenezea kibodi mpya, hata kijana aliyesoma kompyuta katika chuo chochote cha nchi hii aweza kuunda kibodi ya Chasu ambamo kitufe kimoja kitapandisha toni, na t ikifuatwa na kitufe kingine itatoa θ.

Kuhusu fonti, zilizo na herufi zote tulizozitaja na zinazoziweka alama za toni mahali pake barabara, bila ya kuzigonganisha na kichwa cha herufi, ni Charis SIL, Doulos SIL na Gentium, na kwa vitabu vya watoto ile iliyopewa jina la Kiswahili, Andika. Zote hazina malipo. Na mwenye kupeleka kazi yake katika steshenari ya Same au ya Mwanga ili ichapwe, aipeleke ikiwa PDF iliyofungiwa fonti ndani yake, wala asiipeleke faili ya Word katika flashi, kwa sababu kompyuta ya steshenari aghalabu haina fonti hizo na itaweka nyingine kwa hiari yake. Mwenye duka hana lawama hapo, na mteja atakuwa amekwisha kulipia karatasi zenye miraba.

Linabaki jambo la kufananafanana, ambalo ni la hila kuliko yote, kwani jicho halilioni. Herufi ɣ ya fonetiki ni 0263, na gama ya Kiyunani, γ, ni 03B3; mtu akizichanganya katika kamusi moja, atatafuta neno lililoandikwa kwa ya kwanza na mashine itamjibu kwamba halipo. Irabu á yaweza kuwa namba moja, 00E1, au yaweza kuwa a ikifuatwa na 0301, na zote mbili huonekana sawasawa kwenye kioo. Na hapa ikumbukwe kwamba katika taipureta ya kale alama ilitangulia herufi, ilhali katika Unicode alama hufuata herufi yake. Lililo karibu nasi zaidi ni la ritifaa ya ng'. Ile itokayo moja kwa moja kitufeni ni 0027. Word, kwa kujidai adabu ya uchapaji, huigeuza kuwa alama ya kufungia usemi, 2019. Na iko ya tatu, 02BC, ambayo Unicode imeihesabu kuwa ni herufi kamili, si kituo. Tofauti yake huonekana pale mashine nyingine zinapoyakata maneno kwenye kituo: ng' iliyoandikwa kwa namba mbili za kwanza yaweza kukatwa ikawa ng na ombe, lakini iliyoandikwa kwa 02BC hubaki neno moja. Jambo hili si la Wapare peke yao. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa na alama za wimbi mbili katika jina lake la kwanza na ritifaa katika la mwisho, na magazeti ya nchi yake mwenyewe yalikuwa yakilichapa mara nyingi bila ya wimbi hata moja. Ikiwa mwandishi mashuhuri kama yeye alinyang'anywa herufi zake hadharani, mtoto wa shule wa milimani atadai haki yake kwa nani?

Yako yaliyokwisha kufanywa na watu wetu, nayo si haba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwaka 2001 Mradi wa Lugha za Tanzania, ambao ulitoa kamusi na sarufi za lugha nyingi ndogo pamoja na atlasi ya lugha za nchi mwaka 2009. Abel Mreta, aliyekuwa amechapisha Ujerumani mwaka 1998 uchunguzi wake wa njeo na hali katika Chasu, aliandika kwa mradi huo kamusi ya Chasu, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka mwaka 2008. Kabla yake Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa milima hiyo, alikwisha kukusanya masimulizi ya wazee akatoa mwaka 1969 historia ya utawala wa Wapare tangu karne ya kumi na sita, kazi ambayo bila yake tungekuwa gizani. Na majina ya koo na ya watawala yaliyomo humo yameandikwa, kama ilivyo ada ya vitabu vya historia, kwa herufi za kawaida. Wazee waliomsimulia wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Mtu atakaye kujua leo jinsi walivyoyatamka baadhi ya majina hayo, silabi ipi ilipanda na ipi ilishuka, hana mahali pa kulitazama jibu isipokuwa katika vinywa vya wajukuu, ambao wengi wao wamekulia Same mjini, Arusha na Dar es Salaam, na Chasu chao kimekwisha kuchukua lafudhi ya Kiswahili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kamusi au mkusanyo wowote wa Chasu au wa Kigweno utakaotolewa kuanzia sasa bila ya toni, kwa hoja ya kwamba kompyuta haina herufi zake, usikubaliwe na msimamizi yeyote wa tasnifu wala na mchapaji yeyote, kwa maana hoja hiyo imekwisha kufa. Tahajia nyepesi ya th na dh ibaki kwa barua, nyimbo na vitabu vya shule. Kando yake, katika mabano au katika safu ya pili, ikae sura ya fonetiki, mara moja kwa kila neno, iliyoandikwa kwa namba za Unicode zilizo sahihi.

Nanyi vijana wa Upare mlio vyuoni, likizo itakapofika na mkajiandaa kupanda gari la Mbaga, la Suji au la Usangi, wekeni kwanza Keyman na fonti ya Charis katika mashine zenu, na mtakapoketi mbele ya babu au bibi yenu, lirekodini neno kwa sauti katika simu, na liandikeni pamoja na toni yake siku hiyo hiyo, angali yupo wa kuwasahihisha. Nakala moja ya faili ipelekeni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine ichapwe karatasi ibaki katika shule ya kijiji.